Kuhamisha sauti ya santuri kwenda kompyuta: kinanda cha santuri chenye USB, au kinanda cha kawaida na kadi ya sauti ya nje?

Kwa bei na wepesi, kinanda cha USB kinashinda: waya mmoja tu, unafungua Audacity, programu ya kurekodia, na kurekodi. Tatizo ni kwamba vingi huishia biti 16 (kipimo cha undani wa rekodi) na havina kitufe cha kupunguza sauti inayoingia. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika iliyochongwa kwa sauti kubwa ikipita kiwango, vilele vya mawimbi hukatwa, na hakuna programu itakayovirudisha sawasawa.

Njia ya pili inadai vifaa vitatu: kinanda, kikuza sauti cha fono (hukuza sauti hafifu ya sindano na kurudisha besi), na kadi ya sauti ya biti 24. Hapo unapanga kiwango mwenyewe. Acha vilele viishie karibu na -6 dB, chini kidogo ya kikomo. Ukikiruka kikuza sauti cha fono, utapata sauti nyembamba isiyo na besi, kwa sababu besi hupunguzwa makusudi santuri inapochongwa. Ukisahau kuunganisha waya wa ethi (wa ardhi) wa kinanda, utasikia mvumo mfululizo.

Matunzo ni yale yale: sindano isiyochakaa na santuri safi. Santuri za zamani za shelaki (utomvu mgumu), kama zile za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, usizipake spiriti kamwe, huyeyuka. Zinataka pia sindano nene ya mikroni 76 hivi, kwa hiyo kagua kama kinanda kinakubali kubadilishwa sindano na kina mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika.

Una santuri kumi za nyumbani? USB yatosha. Una sanduku la taarabu lisilopatikana kwingine? Gharamia njia ya pili, uhifadhi kwa WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza ubora wa sauti.