Sigara ya kielektroniki: hataza au usajili wa umbo?

Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wake (patent), hulinda namna kifaa kinavyofanya kazi: waya unavyopasha kimiminika, kihisi kinavyotambua mvuto wa pumzi. Mwigaji akibadilisha ganda tu, bado amenaswa. Ulinzi huo hudumu miaka 20 tangu maombi yawasilishwe, na thamani yake huweza kuwa kubwa mno: mwaka 2013 Imperial Tobacco ilikubali kulipa dola milioni 75 kwa hataza za kampuni iliyotokana na uvumbuzi wa Hon Lik, mfamasia wa China. Lakini wakati haumngoji mvumbuzi. Herbert Gilbert, Mmarekani aliyebuni sigara isiyo na moshi, alipewa hataza Marekani mwaka 1965, ikaisha muda soko likiwa halijazaliwa. Inauma.

Usajili wa umbo hulinda sura pekee, mikunjo na mpangilio wa sehemu zinazoonekana. Kwa kawaida ni nafuu na hupatikana mapema zaidi. Udhaifu wake ni kwamba mwigaji akiuiga ubunifu wa ndani na kuuvisha sura tofauti kabisa, amepona.

Kwa kifaa chenye mfumo mpya kweli, ningelipia hataza bila kusita. Kama upya uko kwenye sura tu, usajili wa umbo unatosha, mradi maombi yatangulie kifaa kuoneshwa hadharani.