Maiki ipi ununue kama unarekodi kwenye chumba cha kupanga

Chumba ninachopanga Sinza kina marumaru chini, jipsamu juu, na dirisha la aluminiamu linalotazama njia ya bajaji. Ukipiga kofi moja pale katikati, sauti inarudi na mlio mkali kama wa bati. Mlio huo huingia kwenye kila wimbo, uwe umeshika maiki ya laki moja au ya milioni. Ndiyo maana maiki inayosifiwa kwenye studio za kujengwa inaweza kumtesa mpangaji.

Mimi nilianza na kondensa, yaani maiki nyepesi kuhisi inayonasa hata sauti ndogo za mbali, kwa sababu ndiyo niliyokuwa naiona kwenye video za wasanii. Niliimba nikiwa nimesimama mbali nayo kidogo, kama walivyofanya wao. Niliposikiliza kwa hedifoni nilikuta friji, pangaboi, na mama wa chumba cha pili akimwita mwanawe aje kula. Kazi ya usiku mzima niliifuta.

Ya kwanza kwenye orodha yangu, basi, ni maiki ya dainamiki, isiyonasa sana sauti za mbali, yenye matundu mawili: la USB, na la XLR, lile la pini tatu la vifaa vya studio. Samson Q2U ni ya aina hiyo, na Audio-Technica ATR2100x vilevile. Leo unaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Ukipata hela ya kadi ya sauti mwakani, kile kifaa kinachounganisha maiki ya XLR na kompyuta, maiki ni ileile, unabadilisha waya tu. Ina tundu la hedifoni mwilini mwake, kwa hiyo unajisikia unavyoimba bila sauti kuchelewa. Dainamiki inataka mdomo uwe karibu, kama vidole vinne hivi, na ukaribu huo ndio unaokuokoa: sauti yako inakuwa kubwa kuliko ya chumba. Weka sponji au kichujio cha pumzi, la sivyo kila "p" na "b" itapiga kama ngumi.

Ya pili ni Shure SM58 pamoja na kadi ya sauti. Maiki hii ipo sokoni tangu 1966, haihitaji umeme wa ziada, na hata ikianguka sakafuni mara nyingi inaendelea kufanya kazi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya gharama, maana utanunua pia kadi, waya wa XLR na stendi. Kwa kadi, Focusrite Scarlett Solo au Behringer UMC22 inamtosha anayeimba peke yake au na gitaa lake. Kama mnaimba wawili kwa pamoja, kila mmoja na maiki yake, tafuta yenye matundu mawili ya maiki, mfano Scarlett 2i2.

SM58 inaigizwa sana, na wauzaji wengine hawajui kuwa wanauza feki. Halisi ina uzito wa gramu 298 hivi. Uwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, omba mizani bila kuona haya, na ukiikuta nyepesi mno, irudishe. Nenda na kompyuta yako na hedifoni zako, rekodi hapohapo dukani, tikisa waya kwenye shingo ya maiki usikilize kama inakwaruza. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakukatalia.

Ya tatu ni kondensa ya maana kama AT2020. Kwa gitaa kavu au sauti laini ya taarabu inatoa uhai ambao dainamiki haifiki. Inunue ukishakituliza chumba, na hakikisha kadi yako inatoa volti 48, umeme ambao kondensa ya aina hii inauhitaji ili ifanye kazi.

Mwisho kabisa naweka kondensa za bei poa zinazouzwa kama seti, zenye waya wa kuchomeka kwenye tundu dogo la kompyuta. Tundu lile halitoi volti 48, kwa hiyo unapata sauti nyembamba yenye mvumo. Afadhali urekodi kwa simu huku unaweka akiba.

Kukituliza chumba hakuhitaji kumtobolea mwenye nyumba ukuta. Mimi natumia fremu ya chandarua, ile ya vyuma vinne: naitundikia mablanketi mawili mazito, kisha nasimamisha godoro nyuma yangu. Nyuma yangu mimi, si nyuma ya maiki. Wengi wanakosea hapo. Maiki inakutazama wewe, kwa hiyo kinachorudi kutoka ukuta ulio mgongoni kwako ndicho inachokisikia zaidi. Blanketi likiachana na ukuta kwa shubiri moja linafyonza vizuri kuliko likigusana nao. Kabati la nguo lililofunguliwa nalo linasaidia. Trei za mayai achana nazo: hazifyonzi cha maana na zinashika moto upesi.

Ila godoro na blanketi hupunguza mwangwi ndani tu. Havizuii sauti kutoka nje. Jirani bado atakusikia. Zungumza naye mapema, mkubaliane saa, na ujue nyakati za adhana za msikiti ulio karibu ili usikatizwe katikati ya kiitikio.

Hedifoni nunua zinazofunika sikio zima na zilizofungwa nyuma, biti isivuje ikaingia kwenye maiki. Spika za studio ziache mpaka mwisho, kwa sababu besi hupita ukutani na kwenye chumba kidogo hukudanganya. Programu ya kurekodia ya Reaper unaijaribu siku 60 bure, na leseni yake ya matumizi madogo ni dola 60. Mwenye Mac tayari anaweza kupata GarageBand, nayo ya kurekodia, bure.

Ukirekodi, acha kilele cha sauti kicheze kwenye desibeli hasi 12 hivi katika kipimo cha programu, usisogelee sifuri. Ukisikia mvumo mzito usioisha hata pangaboi likiwa limezimwa, chomoa chaja ya kompyuta kabla hujailaumu maiki. Nyumba zetu nyingi soketi hazina ethi (waya wa ardhini), na mvumo ule hupitia hapo. Mimi huchaji kompyuta mchana, usiku naimba kwa betri.