Riwaya ndani ya kaunta buku moja

Novemba iliyopita niliingia kwenye ile changamoto ya kuandika riwaya kwa mwezi mmoja: maneno 50,000, siku 30. Ilianzia San Francisco mwaka 1999, Chris Baty na wenzake, watu 21 tu. Shirika lililokuwa likiisimamia lilitangaza mwaka 2025 kwamba linafunga, lakini kuandika hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mimi nilihitaji kaunta buku ya kwaya tatu (kwaya ni kipimo cha wingi wa kurasa za daftari), nayo ndiyo ninayoipima hapa.

Niliinunua Main Street, Jinja, Uganda, shilingi 12,000. Jalada gumu, kurasa 288. Kwa mwandiko wangu ukurasa mmoja unameza maneno kama 250, kwa hiyo kila siku nilikuwa na deni la kurasa karibu saba. Simu niliijaribu siku mbili nikaiweka kando: mvua za Novemba zikipiga, stima inapotea, chaji inakwisha sentensi ikiwa mdomoni. Karatasi ya daftari hili ni nzito, wino haupenyi upande wa pili, na hata peni ya bei rahisi inateleza.

Mimi ni mwalimu, na Novemba ni mwezi wa mitihani. Niliandika alfajiri, saa kumi na moja, na jioni nikamsomea Baba, mwanajeshi mstaafu, hadithi yangu ya koplo mmoja. Kiswahili changu chote nilikipata kwake, kambini. Alisikiliza amefumba macho, tochi imesimamishwa mezani. Siku moja nikamwambia, "Leo sina kitu, Baba." Akalivuta daftari, akapapasa ukurasa mtupu kwa kidole gumba. "Sasa mwanangu, huyo koplo atalala wapi leo?" Niliandika kurasa nne kabla ya kulala.

Kasoro ni uzi. Wiki ya tatu kurasa za katikati zilianza kuchomoka, nikazishona upya kwa sindano ya magunia. Kwa bei ile, hilo limeniuma.

Na lile lengo lenyewe nina neno nalo. Maneno 50,000 yalipangwa na watu wanaoandika Kiingereza. "Hatutakuandikia" kwetu ni neno moja; kwa Kiingereza hapo umeshahesabu sita. Tarehe 30, saa nne usiku, nilikuwa na maneno kama 41,000, na hadithi ilikuwa imekwisha yote, tangu koplo anapoondoka kambini hadi mkewe anapoletewa sanduku lake la chuma. Kwanza nililia, nikidhani nimeshindwa. Baba akasema hadithi iliyofika mwisho imefika. Anayeandika Kiswahili ajiwekee 40,000, asione haya hata kidogo.

Mwaka huu nitanunua tena, ila mbili za kwaya mbili, maana ile ya kwaya tatu inachosha mkono ukiandikia mapajani. Ukienda dukani, ifungue katikati, uvute ukurasa mmoja taratibu kabla hujatoa pesa.