Studio iliyomfuta bibi chale, ikamrudishia

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye mashavu ya bibi yangu, mtaelewa mbele.

Hitma ya bibi mzaa baba tuliipanga ifanyike Isevya, ukoo wote uje, nami nikajitwika kazi ya chati ya ukoo ya kutundika ukutani. Nikabeba daftari na picha 11 hadi studio moja hapa Tabora mjini. Jina silitaji, maana nina ya kuwasifu na ya kuwasema. Kuskani picha moja ni shilingi 1,000, kuisafisha 8,000, chati ya A1 yenye plastiki juu 40,000. Nilisafishiwa tatu, jumla 75,000.

Fundi ni kijana mpole. "Mwangaluka, mama," kisha akafungua kiolezo chake kwenye kompyuta: mume mmoja, mke mmoja, watoto chini. Babu alikuwa na wake watatu! Kiolezo kikawatupa wawili pembeni kana kwamba wamepewa talaka. Nikamwambia, mwanangu, hapa hakuachwa mtu. Akaachana nacho, akachukua kalamu akachora upya: nyumba kubwa, nyumba ya kati, nyumba ndogo, kila bibi na watoto wake. Tulianza saa nne, tukamaliza adhana ya adhuhuri inalia. Umeme ulikatika mara mbili na hakuniongezea hata shilingi.

Tarehe za kuzaliwa zilitusumbua. Programu inadai siku, mwezi na mwaka, wakati sisi tunayo "mwaka reli ilipofika" na "mimba ya vita ya Wabelgiji". Reli ilifika Tabora 1912, Wabelgiji wakauteka mji 1916, basi bibi na mdogo wake tukawapatia miaka yao hapo. Fundi alitaka kujaza 1 Januari kwa wote. Nikakataa, ukoo gani huo unaozaliwa siku moja? Tukaandika mwaka mtupu, na chini yake kwa herufi ndogo maneno ya wazee kama walivyoyasema. Hapo ndipo wageni walisimama muda mrefu kuliko pengine popote.

Kuskani wanajua kwelikweli. Picha ya babu na sare ya reli waliiskani kwa nukta 600 kwa inchi, na alipoivuta kwenye kioo beji ya kofia ikasomeka: E.A.R. & H. Baba siku zote anashikilia kwamba ni ya 1972. Herufi hizo ni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoanza 1948, na bandari zikatengwa na reli 1969, kwa hiyo baba kashindwa, labda kama babu alikuwa na kofia kuukuu.

Sasa chale. Nilipopeleka picha ya bibi nyumbani, shangazi, ambaye ana miaka 81, aliishika akauliza, "Huyu nani?" Programu ya kusafisha ilizifuta chale za bibi pande zote mbili ikidhani ni mikwaruzo ya karatasi, na kaniki yake ikaipaka buluu ya sketi ya shule. "Mmemchukua mama yangu, mkaniletea karani wa benki." Hakuwa anatania.

Nikarudi studio. Kijana hakubisha. Skani ya kwanza alikuwa ameitunza, akaanza upya kwa mkono, na rangi tukaiacha nyeusi na nyeupe. Lakini alisema siku mbili, zikawa tano. Chati ilifika kwa bodaboda asubuhi ya hitma yenyewe, sufuria tayari ziko jikoni.

Plastiki nayo inang'aa mno. Ukikaa mkabala na dirisha, nyumba ndogo nzima huioni, na wenyewe hawakulipokea vizuri. Ombeni isiyong'aa. Ombeni pia skani zote kwenye flashi, na mwambieni mapema asiguse nyuso. Mkiweza, nendeni na mzee, akae pale pale kwenye kiti cha wateja.

Na daftari lenu lipitieni mara mbili. Fundi anaandika kilichomo tu, na mimi jina la wifi yangu nililiruka. Alilitafuta ukutani mpaka pilau ikampoa mkononi. Hadi leo nikimsalimia anaitikia kwa kichwa.