Viungo vya mawe uani: saruji ilinishinda, nikarudi kwenye chokaa

Ua wa nyumba yetu Mji Mkongwe umetandikwa mawe ya matumbawe, na baina ya jiwe na jiwe mna chokaa ya tangu enzi za babu. Chokaa hiyo ikaanza kumomonyoka. Ukifagia asubuhi unazoa mchanga mweupe. Masika yakipiga, leo jiwe moja linacheza, kesho mawili. Mama alipojikwaa na sufuria ya uji mkononi, nikatafuta fundi.

Wa kwanza alichanganya saruji, akajaza juu kwa juu bila kuchimbua ya zamani, na kabla ya adhuhuri alishalipwa. Palipendeza kwa msimu mmoja. Kisha saruji ikabanduka vipande vipande, tena ikaondoka na kingo za mawe. Jiwe la matumbawe ni laini na linanyonya maji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe hilo na haipitishi unyevu vizuri, basi maji na chumvi hutoka nje kupitia jiwe lenyewe na kulila. Kwenye ua wa zege panapopita gari ningeitumia saruji hiyo hiyo bila wasiwasi.

Safari hii nilimpata mzee aliyekulia kwenye kazi ya chokaa. Kuuona ua tu akauliza, "Mwanangu, nani kakuharibia hivi?" Nikainamisha kichwa, pesa nilitoa mimi. Akakataa kuanza mpaka masika yaishe.

Siku mbili nzima alichimbua tu, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Nikimharakisha, hanisikii. Alitaka kina kisichopungua mara mbili ya upana wa kiungo: penye sentimita moja, ashuke mbili. Akatoa vumbi kwa brashi, akalowanisha mawe, maana jiwe kavu hufyonza maji yote na chokaa inabaki unga. Chokaa yenyewe ilikuwa rojo, iliyozimwa kwa maji na kulazwa kwenye pipa miezi kadhaa. Kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga mkali, ule wa chembe zenye pembe. Mchanga wa pwani hakutaka hata kuuona, kwa sababu ya chumvi. Akashindilia tabaka kwa tabaka kwa kipande cha chuma, kisha akafunika kwa magunia mabichi.

Hapo ndipo penye adha. Wiki nzima unanyunyizia magunia maji asubuhi na jioni, na watu wazima mnapita ukutani kama wezi. Chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo wiki kadhaa baadaye bado ukucha uliikwangua. Paka wa jirani hakungoja. Nyayo zake zipo mpaka leo karibu na kisima. Na ujira ulikuwa mara tatu ya ule wa kwanza, kwa kuwa siku za kazi zilikuwa nyingi.

Masika mengine yamepita. Mawe hayachezi, kingo hazimeguki tena. Nampa nyota nne kwa tano. Iliyobaki imepotea chini ya mfereji wa paa, ambako maji yanayoanguka yalishazila sentimita chache za viungo. Mzee alirudi akajaza bila kudai kitu, akaniagiza nitafute jiwe pana la kupokea maji. Sijalitafuta. Nimetega beseni, na mama kila siku ananiuliza lini nitamrudishia beseni lake la kufulia.