TAHADHARI: Rilei za "40A" ambazo ndani hata 20 hazifiki

Wakuu habari, naandika hasira haijaniisha kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Kwa wale tunaotengeneza bia nyumbani na hita za umeme, kuna muuzaji wa mtandaoni anauza seti nzima, kontrola ya joto, sensa, rilei ya SSR (swichi ya kielektroniki inayowasha na kuzima hita kwa amri ya kontrola) na kibati chake cha kupozea, bei ya kutupa kabisa. Msinunue. Jina simtaji, naeleza tu mzigo wake ulivyo, mkiuona mtaujua.

Hita yangu ni wati 3,000 kwa volti 230, piga hesabu ni ampia 13 na kidogo. Rilei imeandikwa 40A, yaani ampia 40, nikasema hapa mbona nimemaliza. Pipa la kwanza likaenda safi. La pili nimeshamwaga kimea, nimeseti nyuzi 66, kontrola inasoma 66, kitaa chekundu cha rilei kimezima, nikatoka nje dakika kumi tu kusuuza madumu narudi nakuta 81 na inapanda! Kitaa bado kimezima. Nikashusha seti hadi 20, wapi, nikachomoa kabisa nyaya mbili ndogo zinazotoka kwenye kontrola, maji yanachemka tu kama yananicheka. Nikakimbilia breka. Kimea chote kimekwenda, kwa joto lile vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari havina maisha.

Sasa hapa ndipo wengi tunapigwa. Kile kitaa kinakuambia kontrola imetuma amri, basi, upande wa hita hakijui lolote. Na SSR ikiungua mara nyingi inagandia kwenye kuwasha, haifi kwa kuzima. Hata ya halali inaweza kufanya hivyo, ila hii ilikuwa inasubiri siku yake.

Nikaibandua kwa bisibisi. Ndani ya lile boksi zito zito kumbe uzito wenyewe ni gundi nyeusi, ukiikwangua unakuta kachipu kamoja kameandikwa BTA16. Hiyo 16 ndiyo ampia zake, tena kikiwa kimepozwa vizuri! Na hakikupozwa, bati la chini limepinda, nililiwekea rula nikaona mwanga unapita katikati, na grisi ya joto hakuna hata tone. Rilei hizi kila ampia inayopita inazaa joto la kama wati moja hadi moja na nusu, kwa hiyo 13 zangu ni kama kuweka kichomeo cha kulehemu ndani ya boksi, halafu kibati alichonipa ni saizi ya kipande cha sabuni.

Nikamwandikia na picha. Jibu la kwanza, "umeunga vibaya". La pili, ongeza hela nikutumie ya 60A ndiyo imara. Mimi nami kichwa kigumu nikaongeza. Imefika, safari hii nikaifungua kabla sijaiunga, BTA16 ileile, kilichobadilika ni stika. Nikamtumia picha ya pili akanibloku.

Rafiki yangu naye alinunua kwake, yeye akaletewa kontrola imeandikwa SSR pembeni lakini ukipima kwenye skrubu zake za kutolea amri hupati volti 12 za DC za kuiwasha SSR, unasikia tu "tak" ya rilei ndogo ya ndani. Kashinda siku nzima akidhani kaunga kinyume.

Kama tayari unayo, ijaribu kwa balbu ya kawaida ile ya waya wa kuwaka ukiweka mahali pa hita, ikiwaka wakati kontrola imezima ujue rilei imegandia. Usitegemee mita peke yake, SSR huvujisha kidogo hata ikiwa imezima kwa hiyo bila mzigo mita inaweza kukuonyesha karibu volti zote ukachanganyikiwa bure. Kwa sababu hiyohiyo usishike hita eti kwa kuwa kontrola imezima, chomoa plagi. Mimi sasa nimeweka kontakta (swichi kubwa ya sumaku) kabla ya rilei na swichi yake ya mkono, sufuria ina waya wa ethi, na breka ya kuvuja, ile inayokata umeme ukivuja, ipo mwanzo kabisa.

Ameshafungua akaunti nyingine, jina jipya ila picha hajabadilisha, ni rilei juu ya meza ya mbao yenye alama ya kuungua kona ya kushoto, na stika imekaa upande.