BMX za zamani: ipi ununue kwanza, na kwa nini Redline inatangulia

Bei za BMX za zamani, yaani baiskeli ndogo za mbio za vumbi na za mitindo, zinapotosha. Baiskeli iliyoonekana kwenye filamu huuzwa ghali kuliko ile iliyobadilisha namna BMX zote zinavyoundwa mpaka leo, na mnunuzi mgeni huishia kulipia umaarufu. Mimi naipanga orodha hii kwa swali jingine. Tazama baiskeli za Olimpiki, ambako mbio za BMX ziliingia Beijing mwaka 2008 na fristaili, yaani mchezo wa mitindo, ikafuata Tokyo mwaka 2021: ni kiasi gani cha ile ya zamani bado kimo ndani yake? Halafu kuna suala la mfuko: inapatikana bado, halisi, nzima, na spea zake?

Kwa kigezo hicho Schwinn Sting-Ray inabaki nje ya orodha, ingawa bila hiyo pengine tusingekuwa na la kujadili. Al Fritz wa Schwinn aliitoa Chicago mwaka 1963 ikiwa baiskeli ya kutamba mtaani, yenye kiti kirefu na usukani ulioinuka. Watoto wa kusini mwa California ndio walioipeleka kwenye vumbi, wakiwaiga waendesha pikipiki za motokrosi. Mwaka 1970 Scot Breithaupt, kijana wa miaka 13, akaanza kuwaandalia wenzake mashindano huko Long Beach. Inunue ukipenda historia, uitunze ndani. Fremu yake haikuundwa kuruka.

1. Redline

Linn Kastan, mmoja wa waanzilishi wa Redline, alikuwa akitengeneza fremu za pikipiki kabla ya kuigeukia baiskeli, na kazi yake inaonyesha. Uma za kawaida za baiskeli, zinazoshika gurudumu la mbele, zilikuwa zikipinda na kukatika chini ya vijana hawa, na uma ukikatika ukiwa hewani, uso ndio unaotangulia kufika chini. Mwaka 1974 Redline ikatoa uma wa mabomba ya kromoli, chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni ili kiwe chembamba bila kuwa dhaifu. Kuelekea 1980 ikaja kranki ya Flight, yaani mikono inayobeba pedali. Kabla yake BMX nyingi zilikuwa na kranki ya kipande kimoja cha chuma kilichokunjwa, ambayo ukitua vibaya ilikunjika zaidi. Flight ilikuwa na mikono miwili ya bomba inayofungwa kwenye ekseli yake, na ilihimili.

Ingia duka lolote la BMX leo uangalie baiskeli ya maana: uma wa kromoli, kranki ya bomba yenye vipande vitatu. Ndiyo maana naiweka juu kabisa, hata mbele ya majina yanayopendwa zaidi.

Tafuta MX-II au PL-20 kwa mbio, RL-20 kwa fristaili. Jambo la kuangalia sana ni kranki. Flight halisi ina soko lake peke yake, kwa hiyo wauzaji wengi huivua na kuweka nyingine, kisha wakataja bei ya baiskeli iliyokamilika. Omba picha ya karibu ya tundu la pedali na ya sehemu mkono ulipochomelewa. Nyufa huanzia hapo.

2. Haro Freestyler na Haro Master

Bob Haro alikuwa mchoraji wa katuni na mtengenezaji wa vibao vya namba za mashindano kabla jina lake halijabandikwa kwenye fremu. Alikuwa pia na kipaji cha kuchezea baiskeli papo hapo, bila mbio, na kwa kuwa kila fremu wakati ule ilikuwa ya mbio, aliamua kuunda ya kwake. Freestyler ya 1982, iliyotengenezwa kwanza na kampuni ya Torker, ndiyo fremu ya kwanza iliyouzwa kwa ajili ya mitindo tu. Ikawa na mahali pa kusimama nyuma ya kiti, jambo ambalo kwa mtu wa mbio lilikuwa uzito wa bure.

Baadaye kidogo ikaja Master. Katikati ya miaka ya 1980 kifaa cha Gyro kikaruhusu usukani kuzunguka mizunguko mizima bila waya za breki kujisokota, na hapo mchezo ukaachana kabisa na njia ya vumbi. Kama una fedha za fremu moja tu ya fristaili, chukua Master ya miaka hiyo. Freestyler za mwanzo ni adimu, na uadimu huvuta bandia. Stika mpya za kuiga zinapatikana kwa urahisi mno. Amini namba ya fremu, si stika.

3. SE PK Ripper

Hii ndiyo nitakayompa mtu anayetaka kuendesha. Breithaupt yule yule wa Long Beach alianzisha SE Racing, na Ripper ikapewa herufi za mwanzo za jina la Perry Kramer, mwendeshaji wake. Ilitoka mwaka 1979 hivi: fremu ya alumini, mabomba yaliyobanwa kuwa bapa, na nyuma mabomba yanayopinda kuzunguka bila kukatwa. Ukiiona mara moja huisahau.

Uzuri wake kwa mnunuzi ni kwamba SE bado inaiuza mpya, pamoja na ndugu zake wakubwa wenye tairi za inchi 26 na 29 ambao vijana wa mijini huwainua tairi la mbele barabara nzima. Usiruke na Ripper ya miaka 40. Alumini huchoka bila kutoa ishara, na ufa huanzia karibu na ekseli ya pedali au chini ya shingo ya usukani. Ya zamani itundike, mpya iendeshe.

4. Hoffman Condor

Wakusanyaji wengi huona miaka ya 1990 bado ni jana. Mimi nawashauri mnunue sasa, kwa sababu hiyo hiyo. Mat Hoffman, mwendeshaji wa fristaili wa Oklahoma City, alikuwa akipanda juu ya rampu kuliko fremu za wakati wake zilivyoweza kuvumilia. Akaamua kuanzisha kampuni yake, na kazi ya fremu za mwanzo akaifanya na Linn Kastan wa Redline. Condor ni nzito, lakini uimara ule ndio uliofungua milango ya miruko ya leo.

5. Mongoose

Skip Hess, mwanzilishi wa Mongoose, alianza na gurudumu, si fremu. Motomag yake ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa gurudumu la kumiminwa zima, lisilo na spoki za kukatika, na fremu ikafuata. Fremu hizo za awali ni nzuri na bado zinapatikana kwa bei ya kawaida. Ila jina hilo siku hizi liko pia kwenye baiskeli za bei rahisi za maduka makubwa ya Marekani, kwa hiyo tangazo linalosema “Mongoose ya zamani” bila mwaka wala namba lipite.

6. Raleigh Burner

Kwa msomaji aliye Uingereza tu. Huko, kuanzia 1982, Burner ndiyo iliyowaingiza watoto wengi kwenye BMX. Nyingi ni chuma cha kawaida, nzito. Ukitaka yenye fremu bora zaidi tafuta Super Burner. Raleigh imetoa matoleo ya kumbukumbu, basi uliza kwanza ni ya mwaka gani.

7. Kuwahara ya E.T.

Ni baiskeli nzuri ya kiwanda cha Osaka, na filamu ya E.T. ya 1982 iliitangaza BMX duniani kote. Bob Haro mwenyewe aliendesha kwenye matukio ya hatari humo. Lakini bei yake inabeba filamu nzima. Kuwahara nyingine za miaka hiyo, zenye ufundi ule ule, hupatikana kwa bei nafuu zaidi.

Kabla ya kulipa, pima vipimo, maana spea za leo haziingii hovyo. Shina la usukani la BMX nyingi za Marekani za zamani ni milimita 21.1, wakati lile la baiskeli nyingi za kawaida ni 22.2, tofauti ndogo, ila haliingii. Tairi za inchi 20 nazo ni za aina mbili: zilizoandikwa 20 x 1.75 hukaa kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 406, na nyembamba za 20 x 1 3/8 kwenye ringi ya 451. Fremu igeuze juu chini, pangusa grisi, usome namba chini ya ekseli ya pedali au kwenye mabano ya gurudumu la nyuma. Wanaopekua mitumba ya makontena Mombasa na Dar es Salaam, ambako kila baiskeli ndogo huuzwa kwa jina la BMX, wafanye hivyo hivyo: futa, soma namba, kagua viungo vilivyochomelewa, kisha ndipo uulize bei.